Mtungi wa Asiyekuwepo

Wacha nikwambie jambo ambalo watu hawalisemi hadharani: mwezi uliopita nilienda matanga nikiwa na wivu. Sikumwonea wivu marehemu, Mungu anisamehe. Nilimwonea mfiwa. Nilishuka Makongeni Jumamosi saa nne asubuhi, kilo mbili za sukari mkononi, nikapita katikati ya safu za nyumba za reli nilikolelewa, nikilifuata hema lililofungwa kwenye kiwanja kidogo. Mama wa mlango wa pili, jirani yetu wa siku zote, alikuwa amefariki. Wanawake walikuwa kwenye viti vya plastiki wakimenya viazi. Nikauliza yuko wapi binti yake wa kwanza, rika langu, nimpe pole. Mmoja akaelekeza kwa kisu, akasema yuko nyuma anaosha vikombe. Kisha akatikisa kichwa kwa mapenzi na kusema kwamba huyo, hata akifiwa na mama, hawezi kuona kikombe kichafu akaketi.

Basi wivu ukaanzia hapo. Wivu una mahali pake mwilini, na wangu hukaa chini kidogo ya koo. Njia nzima kutoka kwangu Buruburu nilikuwa nikijipongeza kwa kuacha kazi zangu za Jumamosi na kubeba sukari nzuri. Sasa sukari ikawa sukari tu. Miaka zaidi ya thelathini imepita, mimi ni mwanamke mzima mwenye mvi na miwani, na bado yule msichana ananishinda kwa wema bila hata kujua kwamba tunashindana.

Ili unielewe, rafiki yangu, lazima twende pamoja hadi bombani.

Mimi nililelewa na nyanya. Chumba kilikuwa cha mjomba, fundi kwenye karakana ya reli, lakini mwenye nyumba hasa alikuwa nyanya, na mtaa mzima ulimwita Shosho, watu wa Murang'a kwa watu wa Kakamega. Tuliamshwa na king'ora cha karakana na kishindo cha mabehewa yakiungana. Upepo ukitoka upande wa viwandani ulituletea harufu ya sabuni, na ukigeuka ulileta moshi wa majiko ya makaa. Kwetu kulinukia githeri, mahindi na maharagwe, karibu kila siku. Mlango wa pili kulinukia omena, dagaa wa ziwani, za kukaangwa kwa nyanya na vitunguu, na mimi, nikiwa nimeshiba githeri yangu, nilikuwa nikikaa karibu na ukuta wao nikizila kwa pua. Unaona kwamba ugonjwa wangu ulianza mapema.

Bomba lilikuwa moja kwa safu zetu tatu, nyuma kwenye kona, na maji yalikuja yalipotaka, mara nyingi alasiri baada ya shule. Tulichota kwa mitungi ya manjano ya plastiki, ile ya lita ishirini iliyokuwa na mafuta ya kupikia kabla haijawa yetu. Kila nyumba iliweka alama yake. Wetu ulikuwa na kitambaa chekundu shingoni. Wa mlango wa pili mpini wake ulizungushiwa mpira wa baiskeli ili usikate vidole.

Sasa, kulikuwa na sheria, na hakuna aliyekuwa ameiandika popote. Mtu hakupanga foleni. Mtungi ndio uliopanga. Ukishauweka kwenye laini, umejiweka wewe, na ulikuwa huru kurudi nyumbani kugeuza ugali au kunyonyesha. Laini ikisonga, aliye nyuma yako anausukuma mtungi wako kwa mguu, na wewe huko uliko hujui hata ni nani. Sheria ya pili ilikuwa ya ukuta. Mtungi uliosimama ukutani ulikuwa umetoka kwenye laini: ama una tundu, ama mwenyewe ameghairi. Hakuna aliyeugusa mtungi wa ukutani, na hakuna aliyeuliza.

Nyanya alikuwa na falsafa nzima juu ya jambo hilo. Aliketi mlangoni na ungo wa maharagwe mapajani, magoti yakiwa yamemkataza kwenda bombani, na akasema mambo ambayo mimi leo nalipwa mshahara kuyafundisha nikiwa na chaki. Mwalimu wa dini wa Jumapili alikuwa akituambia kwamba binadamu huzaliwa na dhambi. Nyanya hakumpinga, lakini alisema mwalimu hajawahi kuchota maji. "Mtu akiwa hapo, kila mtu ni mzuri kwake," alisema. "Wewe angalia vile wanafanyia mtungi yake akiwa hayuko. Hapo ndio utajua nani ni nani."

Na kwa kipimo hicho, katika safu zetu tatu, hakukuwa na mtu kama binti wa mlango wa pili. Alisukuma mitungi ya watu wote, miwili miwili, wa mbele yake na wa nyuma yake. Aliona mfuniko umelegea akaukaza. Na alifanya hivyo huku akisimulia jambo jingine kabisa, labda mwalimu alivyoteleza darasani, mguu ukisukuma na mdomo ukicheka, jinsi wewe unavyojikuna bila kujua unajikuna. Mimi pia nilisukuma. Lakini nilisukuma, nikasimama, nikatazama kama kuna mama yeyote ameniona. Tulifundishwa kutenda wema na kwenda zetu. Mimi nilitenda wema nikabaki papo hapo.

Nyanya alilijua hilo. Habari za bombani zilimfikia kabla maji hayajafika. Siku moja aliniambia, bila ukali, "Wewe unasukuma na mguu, halafu macho inaenda kutafuta nani ameona." Kisha akaendelea kuchambua maharagwe, na baadaye kidogo, kana kwamba anazungumza na ungo, akasema yule mtoto wa jirani ana roho safi. Roho safi. Sijui kama kuna maneno mawili yaliyowahi kuniuma kama hayo. Alimwita mlangoni akampa kipande cha kiazi kitamu, kile cha katikati chenye asali, na mimi mjukuu nikapewa cha pembeni. Shuleni mwalimu wa darasa alimkabidhi chaki, akasema chanda chema huvikwa pete, na darasa zima likamgeukia yeye. Mimi nilitazama vidole vyangu.

Nimefikiri sana kwa nini ulikuwa wivu mkali hivyo. Kulikuwa na wasichana wazuri wa sura kuliko mimi, na hao sikuwajali sana, kwa sababu sura unapewa. Kulikuwa na waliojua hesabu, na hao niliwaambia moyoni kwamba wamerithi. Lakini wema, tuliambiwa kanisani na shuleni na nyumbani, uko wazi kwa kila mtu. Hauhitaji baba tajiri wala akili nyingi. Kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Msichana mwenye viatu vilivyochanika kama vyangu, anayekula ugali kwenye sufuria iliyoungua kama yetu, alikuwa nacho kitu ambacho ningeweza kuwa nacho, na sikuwa nacho.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku ninayotaka kukusimulia. Ilikuwa Ijumaa, na bomba lilikuwa kavu tangu Jumanne. Tulikuwa tumeanza kuosha vyombo kwa majivu. Asubuhi hiyo mama wa mlango wa pili alikuwa ametoka hospitali na mtoto mchanga, na safu yote ilijua kwamba nyumbani kwake hakukuwa na maji hata ya kupashia moto kikombe kimoja. Alasiri bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja membamba. Mitungi ikaruka kwenye laini. Binti yake aliweka wa kwao mbele ya wangu, akaniomba nimwangalizie, akakimbia nyumbani kumkorogea mama yake uji kwa maji aliyoazima.

Aliniomba mimi. Katika watu wote waliokuwepo, alidhani mimi ni mtu wa kuachiwa mtungi.

Laini ilisonga polepole, na akina mama walikuwa wakizungumza juu yake. Mmoja alisema mama yule amebarikiwa, amezaa msaidizi. Mwingine akasema laiti wake angekuwa hivyo hata nusu. Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo, mguu wangu ukiwa kwenye mtungi wa kwao, nikiusukuma, na hakuna aliyesema lolote juu ya mguu wangu. Sikupanga. Ningependa kukwambia kwamba shetani alininong'oneza, lakini nilisikia tu lile joto chini ya koo. Mbele yetu palipobaki mitungi miwili, mama mmoja aligombana na mwingine, vichwa vyote vikageukia huko, na mguu wangu, badala ya kusukuma mbele, ukasukuma kando. Mara moja tu. Mtungi wenye mpira wa baiskeli ukasimama ukutani.

Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza? Ulikuwa ukutani. Nikachota wangu ukajaa, na wa nyuma yangu akaweka wake, maji yakafika robo, bomba likakohoa tena na kunyamaza.

Aliporudi alikuta watu wakitawanyika wakinung'unika. Alitazama laini, akatazama ukuta. Mama mmoja akamuuliza kwa mshangao kwa nini ameutoa mtungi wake na mama yake yuko katika hali ile. Akanitazama. Hata leo naweza kukwambia muda aliotumia kunitazama, na ulikuwa mfupi. Kisha akamwambia yule mama, "Labda ni mimi niliweka hapo. Nilitoka mbio." Akaubeba mtungi mtupu, akaondoka nao kifuani.

Mimi nilibaki na lita ishirini zangu. Nilizibeba hatua kumi kumi nikipumzika, na njia ilikuwa fupi lakini sikutaka ifike. Nilipofika, nyanya alikuwa mlangoni na ungo wake. Hakuinua macho. Alisema, "Usiweke chini. Peleka mlango wa pili. Yote." Nikasema na sisi je. Akasema sisi hatujazaa leo.

Nikapeleka. Mama yule alikuwa kitandani, uso umevimba kwa uchovu, mtoto akilia kwa sauti nyembamba. Alipoona mtungi uliojaa alianza kulia naye. Akanishika mkono, akaniombea kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, akasema Mungu aniongezee. Binti yake aliupokea mtungi, akamimina maji kwenye sufuria, akawasha jiko. Nilipotoka, akina mama wawili walikuwa wamesimama nje, na kabla jua halijatua safu zote tatu zilijua kwamba mtoto wa Shosho ametoa mtungi mzima siku ya ukame. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyasubiri tangu nianze kujua maneno.

Jioni tulikula mahindi ya kuchoma bila chai. Nyanya alinichagulia hindi laini, akapukuchua punje mwenyewe akanitilia kiganjani, na akasema, "Leo umenifurahisha." Hakuwahi kuniambia hivyo kabla ya siku ile. Mahindi yalikuwa matamu na sikuweza kuyameza. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo wangu ulifunguka kabisa, nakuhakikishia. Lakini aliyekuwa ameketi mbele yangu alikuwa nyanya, akinitazama kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa akimtazama yule mwingine, na mimi sikuwa tayari kuurudisha mtazamo ule. Nikameza.

Baada ya hapo maisha yangu yalikuwa kazi ya kulinda sifa niliyoiba. Nyanya aliisimulia hadithi ile kanisani kwa kina mama, na kila alipoisimulia nililazimika kwenda bombani na kuwa msichana wa kwenye hadithi. Nilisukuma mitungi ya watu mpaka kidole gumba kikaota sugu. Nilipeleka maji kwa wagonjwa. Mwanzoni nilifanya kwa hofu ya kugunduliwa, kisha kwa mazoea, na mazoea, kama unavyojua, hujenga tabia. Nyanya alifariki nikiwa chuo cha ualimu, na kwenye mazishi yake mchungaji aliisimulia tena, na mimi nikalia kwa sababu zaidi ya moja.

Sasa nafundisha dini shule ya upili. Kila mwaka tunafika kwenye somo la maadili, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba wema ni tunda la moyo mwema, kwa sababu ndivyo kitabu kinavyosema na ndivyo mtihani unavyotaka. Mwaka jana msichana mmoja aliinua mkono, akauliza, mtu akitenda mema kwa sababu anamwonea mwenzake wivu, hayo mema yanahesabiwa? Darasa likacheka. Nikasema tutalirudia swali hilo, na hatukulirudia. Mgonjwa aliyeletewa maji na mwenye wivu, maji yale yamemkata kiu. Hilo nalijua. Lakini aliyebeba je, ndani yake amebaki na nini? Nimeishi na swali hilo miaka yote, na nilidhani niko nalo peke yangu.

Basi turudi hemani. Ulipofika wakati wa watu kusema neno juu ya marehemu, mzee mmoja wa kike wa safu ya tatu alisimama akasema marehemu hakusahau fadhila, na fadhila aliyoitaja mara nyingi kuliko zote ni ya mtungi mzima wa maji siku aliyotoka hospitali. Akaninyooshea kidole. Watu wakapiga makofi, matangani, fikiria. Nilisimama nikainamisha kichwa, na nilipoketi niligundua kwamba siwezi tena. Sijui kwa nini siku hiyo. Pengine kwa sababu aliyenishukuru amekufa akiendelea kunishukuru. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba.

Binti wa marehemu alikuwa bado na karai lake la vikombe, leso kiunoni. Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa. Tulizungumza kidogo habari za watoto, na za yule mchanga wa siku ile, ambaye sasa ana ndevu na anasimamia hema. Kisha nikasema, "Ile siku ya maji. Mtungi wenu ni mimi niliuweka ukutani."

Aliendelea kusuuza. "Najua," akasema. "Nilikuwa nishafika kwa kona. Nilikuona. Kabla nifike mama akaniita, kurudi maji ishaisha."

Nikamuuliza kwa sauti ambayo haikuwa yangu, mbona hakusema.

"Ungechapwa. Na mtoto alikuwa analia, nilitaka tu kurudi kwa nyumba." Akaweka kikombe juu ya vingine. "Halafu ukaleta maji. Ikaisha."

Ikaisha! Mimi nimelibeba jambo lile hadi Buruburu, hadi darasani, hadi kwenye maombi yangu, na mwenye kukosewa aliliweka chini siku ileile kabla maji hayajachemka. Nilikuwa nimekuja kutubu, na nakiri kwamba katikati ya toba yenyewe nilimwonea wivu upya. Nilitamani anikasirikie kidogo. Angenikasirikia, tungekuwa sawa japo kwa dakika moja.

Akanitazama, na nadhani aliona kitu usoni pangu, kwa sababu aliacha vikombe akakausha mikono kwenye leso. Akasema kuna jambo jingine, na kwa kuwa mama amekwenda na shosho alikwenda zamani, haoni sababu ya kukaa nalo. Aliporudi na mtungi mtupu siku ile alipita mlangoni petu. Nyanya akamsimamisha, akamuuliza ni nani aliyeutoa mtungi kwenye laini. "Na shosho wako sikuwa naweza kumdanganya," akasema. "Nikamwambia."

Nilikuwa na kikombe mkononi na nikakipangusa tena, ingawa kilikuwa kimekauka. Nikamuuliza nyanya alisemaje.

"Aliweka ungo chini. Halafu akaniambia nisikwambie kama anajua. Akasema, 'Nitamtuma alete maji kwenu. Wacha asifiwe. Akishaonja sifa, atatafuta yake ya kweli.'"

Kutoka hemani wimbo ulikuwa umeanza, na watu walikuwa wakimwita ndani. Akanigusa bega, akaenda. Nilibaki na karai.

Pengine ungetarajia nikwambie kwamba nililia kwa shukrani. Nililia, ndiyo, na shukrani ilikuwepo. Nyanya alinijua, akanipa hindi laini akijua, na akaisimulia hadithi ile kanisani miaka yote akijua. Leo kwangu Buruburu kila nyumba ina tangi lake juu ya paa na geti lake la chuma, maji hujaa yenyewe, na sijui jirani yangu wa kulia ni mtu wa namna gani, wala yeye hajui mimi ni wa namna gani. Hakuna tena anayeweza kunijua kiasi kile. Lakini wakati wa kurudi, nilipopita mbele ya mlango wetu wa zamani, sikuwa nikiwaza hayo. Nilikuwa nikiwaza kwamba walisimama pale, nyanya yangu na yule msichana, wakazungumza juu yangu kwa upole, wakakubaliana, na hadi mmoja wao alipokufa walikuwa na siri moja ya watu wawili. Ningetoa sifa zote nilizowahi kupewa ili niwe ndiye niliyesimama mlangoni, na mwenye kuzungumzwa awe mwingine.